Kifusi cha Lukwambe

Lukwambe, njia ya Mvuha
10 Agosti 1997

Mpwa wangu Faraja,

Barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako na unakula vizuri hapo Mafiga. Sisi tunapumua. Mgongo wangu ni uleule. Mama yako Paskalia anakohoa vumbi la mgodi, lakini mtoni anakwenda mwenyewe, na anasema kitenge kimefika, ahsante.

Nikiacha salamu, nina shida nawe. Unalijua bonde letu la Mikundi. Mgodi wa makaa ya mawe ulipokuwa wa serikali walichimba kwa kudonoa tu. Tangu mwekezaji aununue, wanauvua mlima ngozi kwa makatapila, na kila kilicho juu ya makaa, udongo na mwamba, wanakimwaga bondeni. Wanakiita kifusi. Mimi, mkubwa wa ukoo, ndiye niliyekubali bonde litumike. Waliahidi kusawazisha na kuturudishia tulime, na kutuchongea barabara. Barabara imechongwa. Kipande kimoja kimesawazishwa. Masika wanawake walipanda mahindi na maharage juu yake. Yalitoka ya njano, yakafika kimo cha kiganja, yakafa. Maji yanayochuruzika chini ya kifusi ni mekundu na yanakaza ulimi. Na wanaendelea kumwaga. Lundo sasa limepita urefu wa mnara wa kanisa, na nyumba ya mama yako iko chini yake.

Juzi kaka yako Benedikto alikuja na Kasiani, yule wa jirani yenu, na vijana wengine. Akasema, "Mjomba, umeuza tumbo la mama yetu." Nikamwambia akae tuongee. Akaupiga mlango wangu teke hadi bawaba zikang'oka. Nilishika mpini wa jembe nikampiga begani. Akaninyang'anya, akauvunja kwenye goti lake, akanisukuma ukutani. Watu walituachanisha kama mbwa.

Nimempa Mwinjuma wa lori la ndizi makopo mawili ya udongo huo. Wewe kazi yako ni maabara ya udongo. Upime, uniambie kwa maneno ninayoweza kumwambia meneja, kabla vijana hawajasema naye kwa njia yao.

Ni mimi mjomba wako,
Anselmi


Mafiga, Morogoro
2 Septemba 1997

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, kazi inaendelea, ila maji ya bomba yamekatika wiki nzima. Mpe mama dawa ya kifua niliyompa Mwinjuma, na umwambie asiigawe kwa majirani.

Makopo yalifika. Kopo la kwanza ni lile jeusi linalomeguka kama vigae. Huo ni mwamba uliokaa jirani na makaa chini kabisa, haujawahi kuona hewa. Una salfa. Ukitolewa nje ukapigwa na hewa na mvua, salfa inageuka tindikali, ndugu yake ile ya betri ya gari. Kwenye kipimo chetu maji matupu ni saba, mahindi yanataka kama sita. Udongo wako umesoma tatu. Yaani wamegeuza bonde chini juu: udongo mzuri wa migomba umezikwa, sumu imekaa juani.

Lakini kopo la pili ndilo lililoninyima usingizi. Ule mfinyanzi wa kijivu una magadi mengi. Ukikauka ni jiwe, tena unapasuka nyufa. Nilitia bonge kwenye glasi ya maji, na kabla sijageuka lilikuwa uji. Mjomba, lundo la udongo wa namna hiyo linakunywa mvua kwa nyufa za juu na kulainika miguuni. Mwalimu wangu ameona, anasema hivyohivyo: wachimbe mifereji, wapunguze kimo, waweke chokaa na udongo wa kweli juu, na watu wa chini wahame kwanza.

Nimeandika hayo kwenye karatasi nyingine, umpe meneja. Na sitakuficha, nimekasirika. Kwetu ardhi inapita kwa mama. Bonde lile ni la mama, na mimi, na watoto nitakaowazaa. Ulikubali bila kutuuliza. Lakini kwanza mtoe mama pale.

Mpwa wako,
Faraja


Lukwambe
5 Oktoba 1997

Mpwa wangu Faraja,

Salamu. Mama yako mzima na dawa inamsaidia. Mimi mzima nusu, utaelewa.

Nilikwenda kwa meneja na karatasi yako. Aliisoma hadi mwisho, siwezi kumsingizia. Akauliza, "Mzee, huyu binti amewahi kuuona mgodi?" Nikamjibu, "Kazaliwa bondeni humo ulimojaza." Akasema kifusi kimepimwa na wataalamu wao, hakina neno. Nikasema basi achote maji ya pale chini, anywe mbele yangu, nami nitakwenda zangu. Akawaita walinzi. Walinivuta kwa ukosi wa shati, na getini mmoja akanipiga kitako cha bunduki ubavuni. Nilisikia mfupa ukilia ndani kama kuni. Nikatambaa hadi barabarani.

Benedikto alipopata habari hakukumbuka tena kwamba jana yake alikuwa hanisemeshi. Alinikuta nimelazwa kwa mama yako, akalifunua shati, akatazama, akatoka. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamelizingira katapila juu ya lundo, yeye na Kasiani mbele. Dereva ni Agustino, yule wa Mbeya anayekula kwa mama yako siku za Jumapili. Wanasema walimpigia kelele ashuke, na kwamba mngurumo ulimfanya asisikie. Sijui. Petroli ilikwishamwagwa. Agustino alitoka akiwaka mikono na mgongo, akajibiringisha hadi chini kwenye yale maji mekundu, na ukelele aliopiga maji yalipomgusa, watu waliusikia hadi shuleni.

Walinzi wakafyatua risasi. Kasiani ilimpata shingoni. Mama yake alimkuta macho yangali wazi, akamkalisha mapajani, akawa anaziba tundu kwa khanga, na damu inapita kati ya vidole vyake. Alikata roho hapohapo. Tumemzika jana. Watu wakiondoka kaburini hakuna aliyenipa mkono.

Benedikto kakimbilia mlimani. Polisi wanamtafuta, walinzi nao wanamtafuta kivyao.

Mjomba wako,
Anselmi


Mafiga
20 Oktoba 1997

Mjomba,

Shikamoo, na pole ya mbavu. Zifunge kwa kitambaa kipana, usibebe kitu.

Agustino yuko wodini hapa mjini. Nilikwenda kumwona. Mikono yake imefungwa yote, alama za vidole hatakuwa nazo tena. Nilijua atanitukana. Alisema tu, "Mama yako hajambo?" Nikatoka nje nikalia ukutani. Kasiani tulisoma naye darasa moja. Siwezi kuandika zaidi kuhusu Kasiani.

Mjomba, sikiliza. Redio inatangaza kila siku kwamba mvua za mwaka huu zitapita kiasi, wanaziita Elninyo. Udongo ule nimeuona ukiyeyuka kwenye glasi. Mlete mama kwangu. Chumba ni kimoja, lakini hakina kitu juu yake isipokuwa bati.

Mpwa wako,
Faraja


Lukwambe
16 Novemba 1997

Mpwa wangu,

Nakusalimu. Mbavu zinaunga. Mvua imeanza na haipumziki.

Nimemsihi mama yako hadi nimepiga magoti, mimi kaka yake mkubwa. Hataki. Mwishowe akaniambia sababu. Benedikto hushuka kula kwake, kila baada ya siku kadhaa, anapitia nyuma kwenye magugu. "Nikihama," akasema, "atakuta nyumba tupu. Atadhani nimemkana. Atatoka hadharani kunitafuta, wamwue kama Kasiani. Nitakaa hapa hapa hadi mwanangu aache kuwa mnyama wa porini."

Nilipanda juu ya lundo jana. Kuna ufa umekwenda kutoka upande mmoja hadi mwingine. Juma lililopita mkono wangu uliingia hadi kiwiko. Jana niliingia mwenyewe hadi kifuani, na chini nilisikia maji yakitembea.

Kwa hiyo najua kinachomweka mama yako pale. Na najua kitakachomwondoa. Nitafanya jambo, na hutanipenda kwa ajili yake. Usinijibu barua hii.

Mjomba wako,
Anselmi


Mafiga
9 Desemba 1997

Mzee Anselmi,

Shikamoo. Natoa shikamoo kwa sababu ndivyo nilivyolelewa.

Mama yuko kwangu. Alifika na khanga moja mwilini, amelifuata gari la polisi kwa kudandia malori hadi mjini. Kila asubuhi anakwenda kukaa nje ya lango la mahabusu na chakula, na kila jioni anarudi.

Hujauliza, nitakuambia. Uliwaeleza polisi kwamba Benedikto atashuka Jumamosi kula kwa mama yake. Walinzi wa mgodi walipata habari hiyo hiyo wakatangulia. Walimkuta ana tonge mkononi. Walimfunga mikono kwenye mti wa mlimao uani, wakampiga na mikanda, kisha na vitako vya bunduki, mama akiwa ameshikwa na mmoja wao nywele ili atazame. Polisi walipofika kazi ilikuwa imekwisha. Jicho la kulia limetoka. Daktari alisema hakuna la kutibu, akasafisha tundu tu.

Askari mmoja, kwa huruma zake, akamwambia mama, "Msimlaumu mtu wa nje. Ni mzee mwenyewe wa ukoo wenu." Tangu siku ile mama hajalitaja jina lako. Amekuwa akisema "yule".

Mjomba ni mama wa kiume, ulinifundisha mwenyewe. Mama gani huyo? Usiniandikie.

Faraja


Lukwambe
18 Desemba 1997

Faraja,

Umenikataza, nami naandika.

Nilikwenda kwa polisi ili wamchukue polisi. Walinzi sikuwaita. Habari ilivujaje sijui, na kutojua kwangu hakumrudishii jicho. Lakini mama yako analala Mafiga chini ya bati. Kama ingerudi Jumamosi ile ningekwenda tena kituoni, ila safari hii ningekaa uani kwake na panga nikiwasubiri walinzi.

Sasa nina shida ambayo sikuiona mbele. Chini ya lundo kuna nyumba nyingine: ya mama Kasiani, na za wale majirani zenu wa kisimani. Nimezunguka mlango kwa mlango kuwaambia wahame. Mama Kasiani alinimwagia maji machafu usoni. Akasema, "Kwanza umewapa bonde, halafu umewapa Benedikto, sasa unataka uwape na nyumba zetu." Wengine hawafungui hata mlango. Sauti yangu imekufa kijijini. Wewe bado wanakuamini. Tafadhali, usiniandikie mimi, mwandikie mama Kasiani.

Anselmi


Lukwambe
3 Februari 1998

Mpwa wangu Faraja,

Natumaini mama yako na wewe mko salama na mvua. Barua haiendi kwa gari, barabara imekatika. Anaibeba mtu wa miguu.

Kifusi kimeshuka. Ilikuwa Ijumaa mchana, mvua imenyesha bila kukatika tangu Jumatano. Nilikuwa kwa mama Kasiani, nikimsomea barua uliyomwandikia kupitia dirishani, maana hakutaka niingie. Alikuwa ameanza kunisikiliza. Aliniuliza, "Faraja mwenyewe kasema hivi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi ngoja nifunge godoro."

Hakukuwa na mlio kama wa radi. Ardhi iliguna. Niligeuka nikaona migomba inatembea ikiwa imesimama, ikija kwetu. Nilimpigia kelele, nikaingiza mkono dirishani nikamshika kiganja, na nyumba ikaondoka naye. Kiganja kilinitoka mkononi, Faraja. Mimi uji ule ulinibeba ukanibamiza kwenye mwembe wa kisimani, nikakwama hapo. Niliona paa la nyumba ya mama yako likipita, na mlimao juu yake.

Majirani wa kisimani wote wamekwenda, isipokuwa waliokuwa shambani. Tunachimba kwa majembe na sufuria. Tope lile linakula ngozi. Kila mwenye jeraha analia likimgusa, na mikono yetu imebabuka hadi nyama nyekundu. Waliotoka tunawaosha kwanza, kwa sababu nyuso hazitambuliki. Mama Kasiani bado hatujampata.

Meneja kaondoka na gari lake siku ileile, kabla daraja halijachukuliwa. Vijana walivamia ofisi wakavunja kila kitu, mlinzi mmoja wakamtupa mtoni akiwa hai. Sikuwazuia. Sikuwa na nguvu, na pengine sikutaka.

Mjomba wako,
Anselmi


Mafiga
15 Februari 1998

Mjomba,

Shikamoo. Pole. Nimeisoma barua yako kwa sauti, mama akisikiliza akiwa amegeukia ukuta. Nilipofika kwa mama Kasiani alitoka nje.

Naandika kwa haraka. Benedikto ametoka kwa dhamana. Habari za kifusi alizikuta nyumbani kwangu. Alikaa na mama mchana kutwa bila kuongea, kisha akanunua panga sokoni akalinoa kwenye ngazi yangu. Nikamwuliza la nini. Akasema, "La mjomba." Mama alikuwa anapepeta mchele, aliendelea kupepeta.

Ameondoka kwa miguu leo asubuhi. Anayeileta barua hii ana baiskeli, anaweza kumpita. Ondoka Lukwambe, nakuomba. Nimekukasirikia hadi leo, lakini sitaki kukuzika.

Mpwa wako,
Faraja


Lukwambe
20 Machi 1998

Mpwa wangu Faraja,

Nakusalimu, na mama yako, kama anapokea salamu zangu. Mwandiko utausamehe, taya langu limefungwa na kichwa kinanizunguka nikiinama.

Barua yako iliwahi. Sikuondoka. Kulikuwa na watu bado chini ya tope, nami ndiye niliyejua nyumba zilikaa wapi.

Benedikto alinikuta nachimba. Watu wakarudi nyuma, hakuna aliyejaribu kumshika. Alisimama mbele yangu akiwa ameligeuza lile jicho moja kama ndege. Akauliza, "Nyumba ya mama ilikuwa wapi?" Nikamwonyesha. Palikuwa na tope jeusi, kina chake ni watu wawili kusimama mmoja juu ya mwingine. "Angekuwa humo?" Nikasema, "Angekuwa humo." Nikamwambia, "Kama utafanya, fanya. Jembe mpe mwenzako aendelee."

Alinipiga kwa bapa la panga usoni, kwa nguvu zake zote. Taya likavunjika, meno yakamwagika mdomoni. Nilianguka, akaliinua panga tena, nami sikuinua mkono. Halafu akalitupa panga kwenye tope, akaokota jembe langu, akaanza kuchimba niliposimama mimi. Alichimba siku ile na zilizofuata. Ni yeye aliyempata mama Kasiani. Alimbeba mwenyewe mgongoni hadi kaburini kwa mwanawe, hakukubali kupokewa.

Juma lililopita ukoo ulikaa. Ukubwa wa ukoo wamenivua, wamempa Benedikto, ambaye ungemfikia vyovyote nikifa. Alitoa maneno mawili. La kwanza, hakuna atakayelima wala kujenga chini ya kifusi, na mgodi ukirudi utakutana naye. La pili, mimi niondoke Lukwambe. Mzee mmoja akasema hiyo ni adhabu kubwa kwa mtu wa umri wangu. Benedikto akasema, "Sijamwua."

Sina ubishi. Nakwenda kwa binti yangu Yustina, Turiani. Ni mwanangu lakini ni wa ukoo wa mama yake, huko nitakuwa mgeni hadi siku yangu. Nitafika Msamvu Jumamosi ya juma lijalo asubuhi, na gari la Turiani linaondoka alasiri. Nitakaa pale mabasi yanaposimama, upande wa wauza mikate. Mwambie mama yako. Kama hataki kuniona, na wewe usije, usimwache peke yake. Nitaelewa.

Mjomba wako,
Anselmi


Mafiga
2 Aprili 1998

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini ulifika Turiani salama na Yustina anakupikia uji mwepesi. Usitafune kitu kabla taya halijashika. Mimi mzima. Benedikto kaleta salamu kwa mama, kesi yake itasikilizwa mwezi ujao, na Agustino amekataa kwenda kutoa ushahidi.

Najua ulikaa pale Msamvu hadi gari likaondoka, na najua umekwenda ukiamini hatukuja. Tulikuja, mjomba. Mama alinishika mkono tangu nyumbani, akaniambia nisimwachie na nisiongee. Tulisimama nyuma ya kibanda cha mikate. Ulikuwa umekaa juu ya begi lako na kitambaa usoni, kila basi likiingia unanyanyuka unatazama wanaoshuka, ingawa ulijua hatungekuja kwa basi. Mama alikutazama saa zote zile. Alisema mara moja tu, "Amekonda." Nilitaka kukukimbilia, akanibana hadi kucha zikaingia.

Gari lilipokwishakata kona akakaa chini kwenye vumbi. Nikamwuliza, kwa ukali, Mungu anisamehe, "Mama, mbona hukumwendea?"

Akasema, "Ningemwendea ningemshukuru. Na mwanangu ana jicho moja."

Nimeona ulijue hilo kutoka kwangu.

Mpwa wako,
Faraja